Njia ya baba: shajara ya kumtafuta nkambo wetu wa Kasongo

14 Januari 2024

Leo nimefungua sanduku la chuma la baba, miezi saba baada ya kumzika. Ndani nimekuta karatasi zake za Gécamines, kampuni ya migodi, picha za harusi, risiti za shule zetu sisi wasichana watano, na chini kabisa buku la kazi la nkambo, baba yake, lile alilopewa na Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, alipofika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kutoka Kongolo. Jalada limeliwa na mende. Nimekaa nalo sakafuni mpaka umeme ukakatika.

Shajara hii naianza kwa sababu ya simulizi moja. Kwetu hakuna matanga wala ndoa inayopita bila mtu kusimama na kusema kwamba sisi ni wajukuu wa Mwarabu. Babu yake nkambo, wanasema, alikuwa Mwarabu wa Kasongo kule Maniema, mtu wa Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, mwenye kanzu nyeupe na bunduki. Majeshi ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji, yalipoiteka Kasongo, Aprili 1893, mwanawe alikimbia akiufuata Lualaba kuelekea juu, akafika Kongolo, akaoa Muhemba, mwanamke wa kabila la huko. Kutoka kwake akazaliwa nkambo, kutoka kwa nkambo akazaliwa baba.

Baba alikufa akiliamini neno hilo. Mimi nafundisha biolojia katika sekondari ya Katuba, mwaka wa 19 sasa, na kila nikifika kwenye somo la kromosomu Y nakumbuka kwamba swali letu lina namna ya kupimwa. Nimengoja mno. Baba angeweza kutoa mate yake mwenyewe.

Maana hapo ndipo ugumu ulipo: kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume peke yake. Katika sisi watano hakuna aliyeipokea. Mimi ndiye ninayeyajua majina, ndiye niliyeachiwa sanduku, lakini shavuni mwangu hamna kitu cha kupima. Njia hiyo imebaki kwa mtu mmoja wa nyumba yetu, ndugu mdogo wa baba, anayekaa Ruashi, miaka 74.

4 Februari 2024

Nimekwenda Ruashi baada ya misa. Mama mudogo alipika bukari na sombe, na samaki wakavu wa Mweru. Nimemwacha baba mudogo ale, anawe mikono, ndipo nikafungua maneno.

"Mutoto yangu, damu yangu munataka kuipeleka wapi?"

Nimemwambia haitatoka damu hata tone. Kijiti chenye pamba kinasuguliwa ndani ya shavu, basi. Kisha nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi. Kila mwanaume ana kromosomu Y moja aliyopewa na baba yake, maandishi ya herufi kama milioni 62, ambayo wanasayansi wamemaliza kuyasoma yote, mwanzo hadi mwisho, mwaka 2023 tu. Nyingine zote huchanganywa za baba na za mama kila mtoto anapotungwa, lakini hii karibu yote hunakiliwa vilevile. Mara mojamoja mnakili hukosea herufi. Kosa hilo likitokea, wana na wajukuu wote wa kiume wa mtu huyo, baba kwa mwana, watalibeba. Wanaume wawili wenye kosa moja wana baba mmoja huko nyuma, awe wa juzi au wa miaka elfu kumi. Matawi makubwa ya makosa hayo ndiyo yanaitwa haplogrupu, nayo yamepewa herufi kuanzia A hadi T.

Akauliza swali zuri: mate yake yeye yatasemaje habari ya marehemu kaka yake? Hapo nikamsimulia habari ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani. Jefferson naye hakuacha mwana wa kiume katika ndoa yake aliyeendeleza ukoo. Kulikuwa na neno, la miaka 200 karibu, kwamba alizaa na mtumwa wake Sally Hemings. Mwaka 1998 wataalamu walichukua damu ya wajukuu wa baba yake mkubwa, Field Jefferson, wakailinganisha na ya mjukuu wa Eston, mwana wa mwisho wa Sally. Zikalingana. Baba mkubwa ndiye aliyejibu kwa niaba ya mtu aliyekwisha kufa. Vinasaba peke yake visingeweza kusema ni Jefferson gani, ila kwamba ni wa mlango ule ule; mengine yalijazwa na karatasi na tarehe.

Alinyamaza muda mrefu. Nilidhani anafikiria habari ya Marekani.

"Na kama ile karatasi inasema fulani haiko mutoto ya fulani?"

Nilijua anamsema nani. Kuna nyumba ya pili, ya Likasi. Babu yao na nkambo wetu walilelewa na baba mmoja kule Kongolo, lakini wapo waliokuwa wakinong'ona kwamba mama wa huyo babu yao alikuja kwenye ndoa ile akiwa mjane mwenye mimba. Mwaka wa matanga ya nkambo maneno hayo yalitoka hadharani, na nyumba mbili hazikuketi mkeka mmoja kwa muda mrefu.

Tumekubaliana hivi, na nimeyaandika kwenye jalada la daftari. Hakuna anayepimwa bila kuelezwa kwanza kinachoweza kuonekana. Majibu ni mali ya mwenye mate. Yeye ndiye wa kwanza kuyasikia, na yeye ndiye wa kuamua nani mwingine ayasikie. Baba mudogo amekubali kwa masharti hayo tu. Namheshimu kwa hilo, kwa sababu mimi haraka yangu ilikuwa kubwa.

28 Aprili 2024

Miezi miwili imekwenda bure. Sampuli ya kwanza niliiharibu mwenyewe: baba mudogo alikuwa ametoka kunywa chai na mkate, nami sikumsubirisha saa nzima kama maelekezo yanavyotaka. Maabara ya Marekani ikajibu kwamba DNA haitoshi. Vijiti vya pili vilikwama wiki tano katika ofisi moja ya mizigo kabla havijanifikia. Safari hii mpwa wangu anayeendesha lori amevivusha Kasumbalesa, akavituma kutoka upande wa Zambia. Gharama mpaka sasa imepita mshahara wangu wa mwezi. Mume wangu hajasema neno.

9 Julai 2024

Majibu yamekuja asubuhi. Nimesoma kwenye simu, nimesimama jikoni, maharage yakaungua.

E-M2, tawi la kwetu Afrika.

Kipimo tulichonunua husoma alama 37. Kila alama ni kipande kifupi cha maandishi kinachorudiwarudiwa, na namba inahesabu marudio: DYS391 ikiwa 10, maana yake herufi TCTA zimepangana mara kumi. Nilikuwa nimejiandalia tangu Februari ukurasa wenye alama sita za zamani, zile zilizotumika tangu utafiti huu ulipoanza, na mbele ya DYS388 nilikuwa nimechora nyota. Wanaume wengi wa Arabuni ni wa haplogrupu J1, na huko DYS388 kwa kawaida hupanda hadi 15, 16, 17. Kwa watu wengi wengine duniani inakaa 12.

Ya baba mudogo ni 12. Sita zote kwa mpangilio wa DYS19, 388, 390, 391, 392, 393 zinasoma 15-12-21-10-11-13. Nilizitambua kabla sijamaliza kuziandika. Huo ndio mfuatano unaojulikana kuwa wa kawaida kabisa kwa wanaume wanaosema lugha za Kibantu. Umetembea na wakulima waliotoka kwenye mpaka wa Nigeria na Kameruni, miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita, wakaenea misitu na mbuga mpaka kusini mwa bara.

Nataka kuandika kwa ukweli jinsi nilivyojisikia: kama mtu aliyepewa habari ya kifo kwa mara ya pili. Nilikuwa natumaini. Sikuona kama ni tumaini la kipumbavu, kwa sababu simulizi za namna hii zimewahi kushinda. Walemba wa Zimbabwe na Afrika Kusini walisema kizazi kwa kizazi kwamba baba zao walivuka bahari kutoka kaskazini, watu hawakuwasadiki, kisha kromosomu Y ikaja kuonyesha sehemu kubwa ya wanaume wao wana njia ya Mashariki ya Kati. Na mwaka 2023 mifupa ya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na karibu nayo, Manda, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara, ilisomwa. Upande wa mama wengi walikuwa Waafrika. Upande wa baba njia nyingi zilitoka Asia, hasa Uajemi, kuanzia miaka ya 1000 hivi. Waswahili walikuwa wakisema habari za Shirazi na kuchekwa. Kwa nini isiwe sisi?

Jioni nimekwenda Ruashi. Nimemwambia yeye kwanza, peke yake, nje, chini ya mwembe.

"Kama hatuko Barabu, basi tuko banani?"

Nimemjibu kile ninachoweza kukisimamia. Hiyo ni njia moja. Ukipanda hadi kwa yule mtu wa Kasongo, mimi nina wazee 16 wa kizazi chake, wanaume 8 na wanawake 8, na kromosomu Y inamzungumzia mmoja tu kati yao. Mama yake angeweza kuwa binti wa Mwarabu na kipimo hiki kisione chochote. Hata Oman kwenyewe wapo wanaume wa E-M2, kwa kuwa njia ya bahari ilikuwa na watu wa kwenda na wa kurudi. Lakini sikumpamba. Nilimwambia kwamba kwa vile mlango wenyewe ni wa baba kwa baba, na simulizi inasema baba, jibu lililo karibu zaidi ni kwamba yule mzee alikuwa mtu wa bara hili.

Ameomba nimwambie shangazi yeye mwenyewe akiwapo. Shangazi aliinuka akaingia ndani, na hakutoka kuniaga.

13 Julai 2024

Nimelirudia buku la nkambo.

Mara zote tulipolisoma tulikuwa tukitafuta neno moja, na tulilipata: kwenye mstari wa kabila, kwa wino wa bluu uliofifia, karani ameandika *Arab* na kitu mbele yake. Baba alikuwa akituonyesha kwa kidole: "Muone, hata Babelge balijua." Leo nimelishika chini ya taa ya dirisha, nikapiga picha kwa simu, nikaikuza. Mbele ya *Arab* mna herufi tatu, na ya mwisho ina alama juu yake.

*Arabisé.*

Aliyefanywa Mwarabu. Aliyeshika mwendo wa Kiarabu. Ndilo neno ambalo serikali ya Wabelgiji ililitumia kwa watu wa Maniema waliokuwa wamechukua dini, mavazi na Kiswahili cha watu wa pwani, na ambao wenyewe walijiita waungwana. Tippu Tip alipoweka makao Kasongo katika miaka ya 1870 hakuja na taifa zima kutoka Zanzibar. Waliomzunguka, waliobeba bunduki zake na kusimamia mashamba ya mpunga, wengi walikuwa vijana wa hapo hapo na wa nchi za jirani, wengine wakiwa wametekwa wakiwa watoto, wakapewa jina jipya, kanzu na lugha. Mtu wa namna hiyo akirudi kijijini, wanakijiji wangemwita nani? Mwarabu. Angekuwa na haki ya kujiita hivyo, kwani ndivyo alivyoishi, ndivyo alivyosali, na huenda jina alilozaliwa nalo hakulikumbuka tena.

Karatasi hii ilikuwa kwetu zaidi ya miaka 80. Mate ndiyo yaliyonirudisha kwenye herufi tatu.

Na kuna jambo lingine ninalolifikiria tangu asubuhi. Wahemba huhesabu ukoo kwa mama. Yule mtoro wa Kasongo alipooa Kongolo, watoto wake walikuwa na ukoo wao tayari, wa mama. Kwa wakwe zake mlango wa baba haukuwa na uzito wa kutosha mtu kuusimulia kwa majina. Wahemba wanajua sana kutunza wazee wao, sanamu zao za singiti zilichongwa kwa ajili hiyo, na nyingi leo zimesimama katika makumbusho ya Ulaya. Ila za nani? Za upande unaohesabiwa. Kwa hiyo kwa nkambo, habari ya baba yake ilibebwa na mtu mmoja tu, baba mwenyewe, na neno moja tu likabaki. Sasa naona ni ajabu kwamba hata hilo lilibaki.

Nimempelekea shangazi picha. Ameijibu: "Kuya kesho, tuzungumuze."

25 Agosti 2024

Baba mudogo ametaka kuona orodha ya watu wanaolingana naye. Nimeikopi kwenye daftari ili asisumbuke na simu.

Kwenye alama 37 hakuna mtu hata mmoja. Kwenye 12 za kwanza wako wengi, na karibu wote ni Wamarekani weusi. Amesoma majina taratibu, kidole juu ya karatasi, majina ya Kiingereza ya ukoo wa watu waliowamiliki babu zao.

"Bale batu beko ba kwetu?"

Niliogopa jibu. Kisayansi, kulingana kwenye alama 12, tena zikiwa na mfuatano wa kawaida kama huu wetu, kunaweza kumaanisha baba wa miaka elfu kadhaa iliyopita, kabla hakujawa na Luba wala Hemba wala Kongo. Nimemwambia hivyo. Alama moja hubadilika kwa wastani mara moja katika mamia ya vizazi, ndiyo maana chache hazitoshi kutenganisha karibu na mbali.

"Lakini beko bana ba baba moja."

Ndiyo, baba mudogo. Huko nyuma, ndiyo.

Aliniomba nimwachie ukurasa ule. Sikumwambia zaidi, maana sikuwa na zaidi. Kinachouma ni kwamba orodha iko hivyo kwa sababu wao wanapima na sisi hatupimi. Wanaotafuta Afrika wamejaa upande mmoja wa meza, na upande wa Kasongo, Kongolo, Kabalo, viti viko wazi. Na sampuli moja tu inaweza kufanya mengi. Mwaka 2013 tawi la zamani kuliko yote yanayojulikana, A00, liligunduliwa kutokana na mate ya familia moja ya kawaida ya Wamarekani weusi, halafu likaonekana kwa Wambo wa Kameruni. Mti mzima wa wanaume wa dunia ulibidi uchorwe upya.

1 Septemba 2024

Likasi, kilomita 120, saa tatu kwa sababu ya malori ya madini.

Mzee wa nyumba ya pili ni wa rika la baba. Namwita baba mukubwa. Aliniandikia mwenyewe mwezi uliopita, baada ya kusikia habari kutoka kwa shangazi. Nimemweleza kila kitu kama nilivyoahidi Februari, pamoja na lile gumu: kwamba namba zake zikilingana na za baba mudogo, 37 kwa 37 au kwa kupungua moja mbili, basi baba zao ni wa baba mmoja, zikipishana kwenye kumi na zaidi, siyo. Na kwamba herufi E-M2 peke yake haitasema lolote, kwa kuwa karibu kila mwanaume kwenye barabara ile angeweza kuwa nayo.

"Miaka 50 watu wananiangalia mara mbili," alisema. "Leta kile kijiti."

Nimemsubirisha saa nzima bila kula wala kunywa. Tumekaa kimya kibarazani, sote wawili tukiangalia saa ya ukutani.

15 Desemba 2024

Majibu ya baba mukubwa yalifika Jumatano. Sikumpigia simu mtu yeyote, wala baba mudogo. Leo nimeyachapisha kwenye karatasi moja, nikapanda basi la asubuhi.

Nimemsomea alama kwa alama, zake kushoto, za ndugu yake kulia. Alinizuia mara mbili nirudie. Tulipomaliza aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

Alichosema na kile kilichoandikwa ni vyake. Sitaviandika hapa, hata baba mudogo akiniuliza nitamwambia aende Likasi.

Baadaye alinitaka nifungue daftari kwenye ukurasa wa mti wa ukoo. Jina la baba yake nilikuwa nimeliandika kwa penseli, kando ya la nkambo, na alama ya kuuliza. Alichukua kalamu yangu akalipitia jina lote kwa wino, herufi baada ya herufi, halafu akaniuliza kama goti la baba mudogo bado linamsumbua wakati wa mvua.

Nimerudi na basi la saa kumi. Amenipa kuku wawili nimpelekee ndugu yake wa Ruashi, wako kwenye kikapu chini ya kiti, na ujumbe kwamba Noeli atakuja mwenyewe.